Matanga ya Bendi Iliyo Hai

Mama mmoja wa Chiwata ameniandikia barua kupitia kwa mhariri. Hakusalimia. Ameandika hivi: "Wewe Kasiani, kila wiki unalia kwamba wapiga drams wanakukimbia. Mbona mkeo hajakukimbia? Basi ubaya hauko mwili mzima, uko mahali fulani. Tuambie ni mahali gani."

Mama, leo nitakuambia. Wiki tano nimezunguka mbuyu. Kila nikilifikia jambo lenyewe naliruka, kama mtu anayeruka dimbwi lililo mlangoni kwake. Leo natumbukia na viatu vyangu.

Na wewe uliyeliokota gazeti hili likiwa limefungia maandazi, hujachelewa. Bwana Yuka, Mfini wa mradi wa maji, alipomaliza miaka yake Newala alituachia magitaa mawili, seti ya drams na kaseti kumi na moja za hevi metali, ule muziki wa kwao unaopigwa kama watu wanabomoa bati huku mwimbaji ananguruma. Tukaanzisha bendi. Mimi gitaa na sauti, Kurwa gitaa la besi, Fikirini drams. Tukaiita Chuma Kizito. Siku ya kwanza nilipoimba mbele za watu, bibi mmoja alimsogelea Kurwa akamuuliza kwa upole kama nimeshapelekwa zahanati.

Baadaye Fikirini akaondoka, tukahamia Masasi, na tangu hapo kiti cha drams hakikukaa na mtu. Alikuja Alfredi, kijana wa kanisani, aliyepiga kila wimbo kwa mwendo wa watu wanaopeleka sadaka. Tulipomzoesha kukimbia kidogo, soko la korosho likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakamwaga malori yao, naye akadandia moja akawa mtu wa mizani. Ndipo tukampata Mzee Sultani, fundi wa ngoma za asili. Wiki iliyopita niliishia hapo.

Sasa lile ninaloliruka. Niliwaambia Fikirini aliondoka. Hakuondoka. Tulimwambia bendi imekufa.

Na si kwa maneno tu. Tulikaa matanga.

Kurwa ni Myao. Mimi na Fikirini ni Wamakonde. Wayao kwetu ni watani, na mtani ndiye anayeendesha msiba. Kurwa akatandika mkeka uani kwangu, akajitanda kanga ya mkewe, akatangaza kwamba Chuma Kizito imefariki baada ya kuugua muda mrefu maradhi ya kukosa umeme, kukosa kibali na kukosa watu, na kwamba vyombo vyake vimeuzwa Mtwara. Wali ukapikwa. Fikirini alidhani zile mbwembwe za Kurwa ni za kufichia huzuni ya kweli. Alikuja na kuku. Akamega matonge mawili, la tatu likamshinda, akainuka akaenda kunawa, akakaa huko kisimani muda mrefu.

Kesho yake nilikutana naye sokoni Newala. Kichwa cheupe, hakina unywele hata mmoja.

"Umenyoa?" nikamuuliza.

"Si tumefiwa?" akasema.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nikanunua nyanya nikaenda zangu.

Mjue kwanza Fikirini ni nani kwangu. Si rafiki tu. Ni ndugu yangu wa jando. Tuliingia likumbi siku moja, ule mji wa porini wa wanajando, tukala sahani moja miezi mitatu, na jando la kijijini kwetu halikuuliza nani anaswali Ijumaa na nani anasali Jumapili. Mtu wa namna hiyo ndiye anayesimama ubavuni siku unaoa, na ndiye anayeshika jeneza upande wa kichwa siku unakwenda. Huwezi kupata mwingine, kwa sababu jando haliingiwi mara mbili. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa miaka miwili ile Masasi. Sikuogopa kuchekwa. Niliogopa siku ambayo Fikirini atanitazama kama anavyomtazama mpita njia.

Basi tukabadilisha jina. Afisa utamaduni alikuwa na mazoea ya kuandika "Jazz" kwenye kila kibali, tukawa Nondo Jazz. Na tukajiwekea amri moja: Nachingwea tutapiga, Tunduru tutapiga, hata Songea wakituita tutakwenda. Newala hatupigi.

Amri hiyo ilivunjika mwezi wa nane, na aliyeivunja ni Kurwa. Alinikuta nyumbani Masasi nabadilisha nyuzi, akanirushia mapajani bahasha yenye barua.

"Bwana Chilumba wa Makote anatoa wapwa zake jandoni," akasema. "Anataka bendi kubwa. Ametaka sisi."

"Makote ni Newala."

"Ni wilaya ya Newala. Newala mjini ni kwingine. Katikati hapo pana vumbi la kuficha tembo na mwanawe."

"Na Fikirini?"

"Fikirini akafanye nini Makote? Kasiani, wewe ni mtu wa kwanza ninayemjua anayemkimbia mfiwa. Watu huwa wanakimbia maiti."

Mke wangu Cecilia alikuwa anapiga pasi shati langu jeusi la jukwaani. Siku ile ya matanga yeye ndiye aliyepika wali, akanipa sahani bila kunitazama, na tangu hapo hajawahi kulitaja jambo lile.

"Nenda, Baba Lois," akasema. "Nguo ikiachwa kambani miaka miwili, upepo utaianua wenyewe."

Nilidhani anazungumzia kufua.

Tukafika Makote saa nne asubuhi, juu ya lori, vyombo vimefunikwa turubai. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mikorosho. Uwanja umefagiwa, akina mama wanatwanga na kupokezana maneno, mbuzi wameshachinjwa. Nikatazama huku na huku. Sikumwona mtu ninayemjua, roho ikatua.

Karibu na jukwaa alikaa mwalimu mmoja wa shule ya pale, Mwalimu Magdalena. Alinisalimia vizuri, akaomba kulishika gitaa langu. Akalipakata, akagusa uzi wa pili, akazungusha kikazio chake kidogo sana.

"Ulikuwa umelegea," akasema.

"Kumbe unapiga?"

"Kwenye kwaya, Tandahimba. Nyimbo za taratibu tu."

Nikacheka kile kicheko cha mtu mkubwa. Nikamwambia kwaya ni nzuri, ila muziki wa chuma unataka kifua.

"Nimesikia," akasema, akanirudishia gitaa.

Nikaenda kumsaidia Kurwa na jenereta, ambayo ilikuwa na tabia ya kukataa kuwaka mpaka itukanwe kwa Kiyao. Tulikuwa bado katika matusi ya mwanzo nilipohisi harufu. Si ya nyama wala ya nyasi. Ilikuwa ile harufu ya ndala iliyoangukia motoni.

Wasomaji wa huku kwetu, ninyi mmeshajua. Wa mbali niwaeleze. Ngoma za Uwanda wetu wa Makonde haziguswi mpaka zimeota moto. Unawasha nyasi kavu, unaisogeza ngoma uso kwa moto, ngozi inakaza, unaipiga kidole, unaisikiliza, unairudisha. Ngoma yenye baridi haipigwi, kama vile chai ya baridi haikaribishwi mgeni. Asubuhi ile wapiga ngoma wa jando walikuwa wameshawasha moto wao, wamezipanga ngoma zao duara. Na Mzee Sultani, aliyekuwa miezi mitatu anapigia kwenye mabaa ya Masasi yenye sakafu ya saruji na kulalamika kila siku kwamba ngoma zetu zina baridi, alikuwa hatimaye ameuona moto. Akazibeba ngoma za Bwana Yuka moja moja kwa heshima zote, akazipanga kwenye duara na wenzao.

"Shikamoo, Mzee," nikasema. Nilifika nimekimbia, lakini salamu ni salamu.

"Marahaba, mwanangu. Hizi zilikuwa zinakufa na baridi. Sasa nadhani zimeanza kuitika."

Ngoma tatu zilikuwa zimefanya kitu kama tumbo la mtu aliyeshiba, kisha kama tumbo la mtu mwenye njaa. Ya tatu ikatoboka mbele ya macho yetu, taratibu.

"Mzee, hizo si ngozi. Ni plastiki."

Akanitazama, akaitazama ngoma, akanitazama tena. Wale wapiga ngoma wengine wakawa wamenyamaza wanasikiliza, na wazee wale wakinyamaza ujue wanajizuia kucheka.

"Miezi mitatu," akasema Mzee Sultani. "Miezi mitatu nimepiga mfuko wa sukari, na wewe unanitazama."

"Mzee, nani angeanza kukufundisha ngoma wewe?"

Hilo lilikuwa kweli. Nilimheshimu mpaka nikamharibia. Hakunigombeza. Akavua lile shati jeusi la Nondo Jazz, akalikunja vizuri, akaniwekea mkononi. Kisha akahama hatua nne, akakaa na wapiga ngoma wa jando. Wakamsogezea kigoda na ngoma moja iliyokwisha kukaza, akaigonga, ikaitika, na uso wake ukarudi ujanani.

Hivyo ndivyo nilivyompoteza mpiga drams wa tatu. Alikuwa amekaa hatua nne kutoka nilipo, lakini nilishampoteza.

Iliyopona ni ngoma kubwa ya mguu tu, kwa sababu ilikuwa nzito kuibeba. Na pedeli yake, ile ya kukanyagia. Pedeli ile si ya Mfini. Ya Mfini ilivunjika zamani, na Fikirini akatengeneza nyingine kwa springi ya kiti cha baiskeli na kipande cha mpingo. Ilipiga vizuri kuliko ya mwanzo, ila kila ikirudi juu ililia, nyii, kama kifaranga aliyekanyagwa. Tuliipaka mafuta ya nazi, ya korosho, ya gari. Ikaendelea kulia.

Bwana Chilumba, mwenye shughuli, akaja na mikono nyuma. Nikajiandaa kusemwa.

"Poleni," akasema. "Lakini haliharibiki neno. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, anawamba ngoma. Yeye ndiye baba wa huyu mpwa wangu mkubwa anayetoka leo. Nimeshatuma aitwe."

Nikashukuru Mungu. Nikamwambia Kurwa, "Umeona? Tumepona." Kurwa akainamia jenereta.

Akatokea mtu kati ya mikorosho, amebeba kichwani ngozi tatu za mbuzi. Zilikuwa zimekauka, zimeshawambwa kwenye pete za mti, duara safi. Moja kubwa, moja ya kati, moja ndogo. Nilitazama zile pete kabla ya kumtazama mtu. Zilikuwa vipimo vya ngoma zetu, vile vile.

Kisha nikamtazama mtu. Nywele zilikuwa zimeota zamani.

"Hamjambo, wafiwa," akasema Fikirini.

"Hatujambo," akasema Kurwa. Mimi nilikuwa bado nahesabu ukoo: arusi yake ilifungwa Mtwara, na kaka wa mkewe sikuwahi kumjua hata kwa jina.

Fikirini akatua mzigo, akachuchumaa, akaanza kufungua nati za ngoma ya kwanza kwa mkono ule ule ulioizoea. Akabandua plastiki iliyoungua, akaiinua juu kuitazama, akaiweka pembeni kwa adabu.

"Marehemu alikuwa mzima namna hii?" akaniuliza.

"Fikirini, ndugu yangu..."

"Shika hapa."

Nikashika. Akaweka ngozi, akakaza. Akafika nati ya nne.

"Ulijuaje?" nikauliza.

"Kaseti. Muuza mitumba mmoja, mnadani Newala, alikuwa anapiga kaseti ya bendi mpya ya Masasi. Sauti sikuijua. Ukinguruma wewe akinguruma mwingine, mngurumo ni mngurumo. Ila nyuma yake nikasikia, nyii."

Akaionyesha ngoma kubwa kwa kidevu. Pedeli ilikuwa pale pale, haina habari.

"Ilikuwa lini?"

"Nywele zilikuwa bado hazijajaa."

Miaka miwili, basi. Miaka miwili nimepita Newala nimejifunika kofia ndani ya basi, na mtu ninayemkwepa anajua rangi ya kofia.

"Kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Msiba ulikuwa wako. Mimi nilikuwa mfiwa. Mfiwa haondoi tanga, anasubiri mwenye msiba aondoe." Akaichukua ngoma ya pili. "Nikasubiri. Ukawa huondoi."

"Na hizi pete? Ulijua kwamba leo ngoma zitaungua?"

Hapo ndipo alipotabasamu mara ya kwanza. "Niliposikia mnapiga na Mzee Sultani, nilijua moto hauko mbali."

Nikataka kucheka. Aliponitazama nikatafuta machoni mwake ile hali ninayoiogopa, ya kumtazama mpita njia. Sikuiona. Lakini sikuona kingine chochote pia, na hiyo ilinitisha zaidi.

Kabla sijasema neno, vigelegele vikapigwa. Wanajando walikuwa wanatoka.

Kama mmeshawaona wanajando wakitoka, hamna haja ya kuelezwa: nguo mpya, siku hizo nguo mpya maana yake mitumba mizuri, mafuta kichwani, macho chini. Walikuwa sita. Kwa kuwa mwaka ule palikuwa na maikrofoni, Bwana Chilumba aliamua kila mmoja aje alitaje jina lake humo. Jina la utoto linaachwa porini, anayetoka anatoka na jipya, na analisema mwenyewe mbele za watu ili asije akaitwa tena lile la zamani.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa Fikirini. Jina lake la utoto nilikuwa nalijua, nimemwita nalo mara elfu moja, na leo silitaji. Akasogea. Maikrofoni ikapiga mluzi, akaruka nyuma, watu wakacheka kidogo, akarudi.

"Naitwa Liyombo," akasema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mimi nikashika nguzo ya jukwaa.

Liyombo ni mimi. Kasiani ni jina la ubatizo, hilo mnaloliona hapa gazetini. Liyombo nilipewa siku nilipotoka likumbi, na aliyesimama kulia kwangu siku hiyo, mafuta yanamchuruzika masikioni, ni Fikirini. Kule ndani tuliahidiana kitoto: wa kwangu wa kwanza wa kiume atachukua jina lako, wa kwako atachukua langu. Mimi nimejaliwa binti mmoja tu, Lois, ahadi yangu bado iko njiani. Yake ilikuwa imesimama mbele yangu imevaa shati la mistari.

Nikamwendea. Alikuwa anamalizia ngoma ya tatu.

"Umempa jina langu," nikasema. "Na ulikuwa unajua."

"Ahadi niliitoa kabla hujawa mwongo," akasema Fikirini.

Nililia, wasomaji. Nimevaa shati jeusi lenye picha ya fuvu, nimesimama mchana kweupe mbele ya wakwe wa watu, nikalia. Bibi mmoja akamwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule wa zahanati." Habari zilikuwa zimetutangulia Makote.

Fikirini akaniacha nilie mpaka nikachoka. Kisha akazipeleka ngoma jukwaani, akazipanga, akakaa kwenye kiti chake. Kiti kikamjua. Akakanyaga pedeli mara moja. Nyii.

"Nitapiga," akasema. "Watoto wamesubiri, na chakula kinapoa. Lakini uondoe tanga kwanza. Hawa sita wamesimama hapo wakasema wao ni nani. Simama na wewe useme. Na usiseme nilikuwa nachelewa mazoezini, kama ulivyowaambia watu wa Masasi. Nilikuwa nafika kabla yako, nafagia."

Nikaenda kwenye maikrofoni. Watu wakadhani naanza kuimba, akina mama wawili wakawavuta watoto wao nyuma kidogo.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitika wazee.

Nikasema. Nikawaambia habari ya mkeka, wali, kuku, kichwa kilichonyolewa. Nikawaambia sababu, ambayo sikuwahi kuisema hata kwa Cecilia. Siku moja Newala, uwanjani, watu walipanda kututunza. Wakampita mwimbaji, wakaenda kumtunza mpiga drams. Mama mmoja akamvika kanga begani. Na kesho yake, njiani, mtu nisiyemjua akanisimamisha akaniuliza kwa heshima zote, "Samahani, ile bendi ya Fikirini itapiga lini tena?" Nikamjibu vizuri. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshaamua kwamba bendi ya Fikirini haitapiga tena.

"Ulikuwa wivu," nikasema. "Hapakuwa na kosa lake lolote. Ulikuwa wivu wangu."

Kisha mama mkwe wa Fikirini, aliyekuwa amekaa mkekani na ugoro wake, akauliza kwa sauti ya kutosha:

"Wivu tu? Sisi tulidhani alikuibia."

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kibaya. Upande wa ngoma za jando Mzee Sultani akagonga ngoma yake mara moja, du, kama mtu anayefunga mlango vizuri. Nikageuka.

"Nimesikia," akasema Fikirini. "Nimekusamehe, Liyombo."

Mzigo wa miaka miwili ukashuka wote mara moja, nikajiona mwepesi, nikajiona mtu. Nikasema moyoni, sasa tutapiga, sasa Makote wataujua muziki wa chuma. Nikanyoosha mkono nyuma kuchukua gitaa langu pale nilipoliegemeza.

Halikuwepo.

Lilikuwa begani kwa Mwalimu Magdalena. Na mkanda ulikuwa umeshafupishwa kwa kimo chake.

"Kurwa," nikasema.

Kurwa alikuwa anaitazama jenereta, ingawa ilikuwa imewaka tangu zamani na haikuwa na shida yoyote.

"Kurwa, ile barua ya Makote nani aliiandika?"

"Sahihi ni ya Bwana Chilumba," akaiambia jenereta.

"Mwandiko?"

"Mwandiko ni wa Mwalimu. Ana mwandiko mzuri."

Nikamgeukia Fikirini. Alikuwa ameshika vijiti vyake, ametulia, uso hauna baya wala jema.

"Bendi hii ina desturi ya kubadilisha mtu," akasema. "Imebadilisha drams mara tatu, na haijanona. Leo tumeona tujaribu gitaa."

"Umesema umenisamehe."

"Nimekusamehe. Ndiyo maana nakuambia usoni." Akakiweka vizuri kiti. "Matanga ni Jumapili, hapa hapa uani kwa shemeji. Uje na kuku."

Akagonga vijiti mara nne, wakaingia. Ulikuwa wimbo wangu mwenyewe, nilioutunga kwa mkono wangu. Zile ngozi za mbuzi zilifanya ngoma za Mfini ziseme Kimakonde, na wazee wa jando wakainua vichwa. Kisha Mwalimu Magdalena akasogea kwenye maikrofoni, akafungua mdomo, akanguruma. Sijui kwaya ya Tandahimba inaimba nini, lakini pale ukungu uliobaki kwenye mikorosho uliondoka. Na yule bibi safari hii hakutaja zahanati. Alifunga kanga yake kiunoni akaingia kucheza.

Nikashuka jukwaani. Mtani akikufanyia jambo, hujui ucheke au ulie mpaka uone jino lake. Nikamtazama Kurwa nyimbo zote sita, nipate hata robo ya tabasamu la kuniambia kwamba ni utani tu. Alipiga besi yake, macho kwenye jenereta.

Nilirudi Masasi kwa basi. Cecilia hakuniuliza liko wapi gitaa. Jumamosi akamkamata kuku mwenyewe, akamfunga miguu, akamweka mlangoni. Kisha akaniletea wembe na kioo, akaenda zake jikoni.

Jumapili nikashuka Makote na kuku kwapani, upepo unanipiga kichwani mahali ambapo haujawahi kupiga. Uani kwa Bwana Chilumba palikuwa kimya. Moshi wa wali ulikuwa unapanda nyuma ya nyumba. Mkeka ulikuwa umetandikwa, na juu yake gitaa langu limelazwa, limefunikwa shuka jeupe hadi shingoni. Pembeni yake alikaa Fikirini peke yake, ameinama.

Nikabisha hodi. Akainua kichwa, na kilikuwa cheupe. Alikuwa amenyoa na yeye.